Manjanja ya Kalundu

Mwaka wa 1964 ziwa letu lilikuwa na tabia ya mgeni anayesema amepita kusalimia tu, kisha unamkuta amelala kitandani mwako. Lilianza kwa kulamba michikichi ya ufukweni. Likaingia uani, likazima mafiga, likapanda kibarazani. Nyumba yetu ya Kalundu, nyuma ya bandari ya Uvira, ilijaa maji mpaka madirishani, na siku tuliyotoka, ndagala walikuwa wanaogelea pale pale tulipozoea kuwala.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengine walisema Wabeleji, walipoondoka na hasira ya uhuru, waliziba tundu la Lukuga kule Albertville, mahali ziwa linapotolea maji yake, wakaenda na ufunguo Ulaya. Wengine walisema ni dhambi za wanasiasa. Mimi, niliyefika mwaka wa nne wa sekondari kabla shule haijafungwa kwa sababu ya fujo, nilisema ni mvua. Hakuna aliyenisikiliza. Elimu ina shida hiyo: majibu yake hayana utamu.

Tukapanda mtaa wa Kilibula, mlimani, mama na mimi, tukakodi chumba kwa Papa Sévère.

Papa Sévère alikuwa na kiwanja kimoja na akili ya kukigawa. Palipotosha kulala mbuzi, yeye alilaza familia. Choo kilikuwa kimoja, na foleni yake ya asubuhi ilikuwa na vyeo: waliolipa kodi mapema mbele, wenye madeni nyuma, hata kama tumbo lilisema vingine. Kutwanga sombe kulikatazwa, kwa sababu kinu kilitikisa kuta. Redio ya jirani ilitutangazia uhuru tangu asubuhi mpaka jioni, na hapo chini yake hukuruhusiwa kutwanga majani ya muhogo.

Na kodi, jamani. Ziwa likipanda kidole, kodi ilipanda mkono.

“Mama Placide,” Papa Sévère alisema siku moja, amesimama mlangoni na kofia yake mkononi kama mtu aliyeleta habari ya msiba, “mwezi unaokuja kodi itaongezeka.”

“Sababu gani tena, Papa Sévère?”

“Ziwa limepanda.”

“Minye nauza ndagala pale Kalundu kila siku. Wiki hii ziwa halikupanda.”

“Litapanda.”

Alipoondoka nilimwambia mama kwamba yule mzee angefaa kuwa nabii, maana analipisha watu maji ambayo hayajafika. Mama hakucheka. Alikuwa anaitwa Agathe, mwanamke mfupi, mwenye mabega yaliyozoea makarai ya samaki, na alipokuwa hacheki ulijua kuna kazi inakuja.

“Minye sitazeekea mu nyumba ya muntu anayenikataza kinu,” alisema. “Tutajenga.”

“Na nini?”

“Na miguu yako.”

Hakuwa anatania. Alikwenda kwa kapita, mkuu wa mtaa, na mbuzi na pombe ya ndizi, akapewa kiwanja juu ya Kilibula, pale mlima unapoanza kukunja uso. Tulikanyaga udongo mama na mwana, tukaumimina katika kiunzi cha mbao, tukapanga matofali juani. Nilijifunza kwamba Kilatini hakisaidii udongo kushikana. Asubuhi mama aliuza samaki. Jioni aliinua ukuta. Wapangaji wa Sévère walipita wakatucheka: “Placide, unajenga ama unacheza matope?” Nikawajibu kwamba nacheza, ila wao ndio wanaolipa ili kutazama matope ya mtu mwingine.

Mwezi wa tatu kuta zilikuwa zimesimama. Nyumba ndogo: sebule, chumba cha mama, na mwishoni chumba changu mimi, cha kwanza katika maisha yangu. Nilikuwa nimekwisha kuamua kitanda kitakaa wapi. Kilichokosekana ni paa.

Sasa, mtu wa mbali anaweza kufikiri kwamba nyumba bila paa ni nyumba inayosubiri. Sivyo. Ukuta wa tofali bichi bila paa ni sukari katika chai. Kila mvua ndogo ilikuja ikachukua kidogo chake, pamoja na majani ya migomba tuliyofunika juu. Mvua kubwa za mwezi wa nne zilikuwa njiani. Zikifika kabla ya paa, kazi yote ingerudi kuwa udongo, na sisi tungerudi kwa Sévère kwa magoti.

Mama alikuwa ameagiza nyasi kwa Hatungimana, mtu wa Luvungi, kule kwenye Bonde la Ruzizi, aliyekuwa akikata nyasi ndefu za kuezekea na kuzishusha mjini. Tulimngoja. Badala ya nyasi zikaja habari: waasi wameinuka Bonde, barabara imefungwa, askari wa serikali wanapiga risasi kila kichaka kinachotikisika. Ijumaa moja Hatungimana mwenyewe akatokea, miguu imevimba, mkeka kichwani.

“Na nyasi?” mama aliuliza.

“Nyasi imebaki, Mama. Kule iko bunduki tu. Nimekuja minye mwenyewe.”

“Mama,” nilisema, “weye uliagiza paa, Mungu amekuletea mpangaji.”

Hatungimana alicheka kwanza, kisha akakaa chini akafunika uso kwa mikono. Nikajuta. Mama alimpa maji, akampa ugali, kisha akamwonyesha kona ya kuta zetu ambapo majani ya migomba bado yalishika. Alilala pale.

Hakuwa peke yake. Watu wa Bonde walimiminika Uvira na mikeka, kuku na wazee wao, na kila mmoja alitafuta chumba. Papa Sévère alikuja jioni hiyo hiyo, amevaa koti.

“Mama Placide, nisikie vizuri. Chumba chako nimepata mfanyabiashara wa kutoka Luvungi, analipa mara mbili. Jumatatu jioni anaingia.”

“Anaingia na sisi mundani?”

“Nyinyi muko na nyumba yenu kule juu.”

“Haina paa, Papa Sévère.”

“Mambo ya paa,” alisema, akivaa kofia, “si yangu.”

Mama alinipa mgongo, akainama juu ya kapu la vifaa. Nilingoja alie. Alipogeuka, alikuwa ameshika nyundo.

“Manjanja iko,” alisema.

“Mabati? Wapi? Maduka yamefungwa tangu—”

“Ku Kalundu. Juu ya maji.”

Nilitoka nje nikatazama chini, kule ziwani.

Ni kweli. Nyumba yetu ya zamani ilizama mpaka madirishani, lakini juu yake paa lilikuwa bado limekaa, kavu, manjanja safi ambayo marehemu baba yangu, Libérat, alinunua wakati akifanya kazi bandarini. Kutoka Kilibula uliliona liking’aa juu ya maji kama sahani iliyosahauliwa. Na kila mtu aliliacha. Kwa sababu sisi watu wa pwani ya ziwa tuna sheria ambayo haikuandikwa na Mbeleji yeyote: nyumba ikiwa na paa, kiwanja bado ni chako, hata kama umekwenda mwaka mzima, hata kama samaki wamehamia. Ukivua paa kwa mkono wako, umehama. Kesho yake mtu yeyote anaweza kuomba mahali pale, na wewe huna mdomo wa kusema.

Na kiwanja kile kilikuwa kando ya bandari. Maji yangerudi siku moja, kila mtu aliamini hivyo, na mwenye kiwanja Kalundu angekuwa mtu. Ndiyo maana baba mkubwa Thaddée, kaka wa baba yangu, alikuwa akikilinda. Kila Jumapili baada ya misa alipanda mtumbwi na koti lake la sherehe, akaenda kukaa juu ya mgongo wa paa letu. Alikaa tu. Alitafuna karanga, akasalimia mitumbwi iliyopita, ili watu wote waone kwamba pale pana mwenyewe. Wavuvi walimwita Gavana wa Maji. Jina hilo nililibuni mimi, lakini yeye hakujua.

Mama alinituma kwake Jumamosi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani.

“Mwambie mama yako: mwenye kuvua paa amehama. Na weye, Placide, maji yakirudi utajenga wapi? Juu ya mlima pamoja na nyani?”

“Baba mkubwa, nyani hawalipi kodi.”

“Ondoka hapa.”

Jumapili tulikwenda, mama, mimi na Hatungimana, na mtumbwi wa kuazima. Hatungimana alikuwa mtu wa nchi kavu. Alishika kingo mbili za mtumbwi kana kwamba ndiye aliyekuwa akiuzuia usizame, akaomba kwa Kirundi njia nzima. Tulitoka kabla ya misa kwisha, tukidhani tutamtangulia baba mkubwa.

Alikuwa amekwisha kufika. Siku hiyo aliruka misa. Alikaa pale juu katikati ya mgongo wa paa, mguu mmoja huku na mwingine kule kama mtu aliyepanda farasi, amevaa koti, mwavuli mapajani.

“Bonjour, shemeki,” mama alisema, mtumbwi ukigusa ukingo wa mabati.

“Bonjour, Mama Placide. Munakwenda wapi?”

“Tumefika.”

“Basi mukae. Karanga iko.”

“Shemeki, naomba ushuke.”

“Sishuki.”

Hapa lazima ueleweke ugumu wetu. Mama hakuweza kumgusa. Kwetu mwanamke hamwekei mkono shemeji yake mkubwa, hata akiwa anazama, mpaka amwite mtu mwingine. Mimi sikuweza kumvuta, maana kwetu baba mkubwa ni baba. Hatungimana alikuwa mgeni, tena alikuwa ameshika mtumbwi na hangeuacha hata kwa fedha. Baba mkubwa alijua hayo yote. Alitabasamu kama mtu aliyeshinda kesi kabla hakimu hajaketi.

Mama alitazama paa. Akapima kwa macho kutoka mwisho mmoja hadi mwingine, jinsi alivyopima samaki.

“Basi kaa, shemeki,” alisema. “Usisumbuke.”

Akafunga kitenge vizuri, akapanda juu ya paa kwenye ncha ya mbali kabisa na yeye, akapiga magoti, akaingiza koleo chini ya msumari wa kwanza.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Msumari wenye kutu ukitoka kwenye mti wa zamani hulia kama nguruwe. Wavuvi waliokuwa mbali walisimamisha makasia. Bati la kwanza lilitoka, nikalipokea, nikalilaza mtumbwini. Bati la pili. Mama alimaliza ncha ile, akavuka nyuma ya baba mkubwa kwa adabu zote, akisema “samahani, shemeki,” akaanza ncha ya pili.

“Mama Placide! Unafanya nini?”

“Navua paa.”

“Minye niko juu yake!”

“Naona. Pale uliko sitafika sasa hivi.”

Tulikwenda nchi kavu na mtumbwi umejaa, tukarudi, tukaenda tena. Jua lilipanda. Mitumbwi ilizidi kutuzunguka, mvuvi mmoja alipaza sauti, “Gavana, wilaya yako inapungua!” na wengine wakaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, mpaka nikamwona baba mkubwa usoni. Alikuwa haangalii mitumbwi. Alikuwa anatazama mkono wa mama, ambao ulikuwa umejaa vizibo vya chupa.

Kila msumari wa paa lile ulikuwa na kizibo cha bia chini ya kichwa chake, kimebanwa ili mvua isipite kwenye tundu. Mama alivitoa kimoja kimoja, akavifunga katika ncha ya kitenge, kwa sababu mjini vizibo havikuwapo tena, kama bia yenyewe.

“Ile siku tulikunywa mingi,” baba mkubwa alisema polepole. “Libérat alihesabu misumari, akasema vizibo havitoshi. Akasema, kaka, tunywe kwa ajili ya nyumba.”

“Nakumbuka,” mama alisema. “Minye ndiye niliyewabeba.”

“Alikuwa amekaa hapa. Minye nilikuwa kule unakotoa.”

Mama alisimamisha koleo. Paa lote lilikuwa limebaki miti mitupu, isipokuwa mabati mawili, moja kila upande, chini ya baba mkubwa. Alikuwa amekaa juu yake katikati ya mifupa ya nyumba, na maji yakionekana chini, yakitembea ndani ya chumba nilichozaliwa.

“Agathe,” alisema. Sikuwa nimewahi kumsikia akimwita jina lake. “Ukivua haya, mutoto wa ndugu yangu hana mahali ku Kalundu. Mimi nitakufa. Maji yatarudi. Ataomba kwa nani?”

Nililaza bati nililoshika mtumbwini, taratibu.

Mama alikaa juu ya mti wa paa, mbali naye kidogo, akajifuta jasho.

“Shemeki, minye nimekwisha hama. Si mkono wangu, ni ziwa. Ukuta wangu wa Kilibula unayeyuka. Kesho Sévère ananitoa. Weye unalinda mahali pa kulala pa kesho kutwa, minye natafuta pa kesho. Hatugombani.”

“Tunagombana.”

“Haya, tunagombana. Lakini sikiliza. Haya mawili yaliyo chini yako, bakia nayo.”

Baba mkubwa alimtazama.

“Bati mbili?”

“Nani amesema paa ni bati ngapi? Likiwa juu na misumari yake, ni paa. Atakayeuliza, umwonyeshe. Na yakilegea, upigilie.”

Alifungua ncha ya kitenge, akamhesabia vizibo vichache, akampa bila kumgusa: aliviweka juu ya mti, akarudi nyuma, naye akavichukua. Kisha mama akashuka mtumbwini.

Tukiwa njiani nilimwambia, “Mama, umefanya vizuri, lakini nyumba ya Kilibula ilihitaji mabati yote. Nilipima. Sasa tumepungukiwa mawili.”

“Najua.”

“Tutaweka nini pale?”

“Hatuweki kitu. Tutakata nyumba.”

Sikuelewa mpaka Jumatatu alfajiri, alipoweka nyundo mkononi mwangu mbele ya ukuta wa mwisho. Ukuta wa chumba changu.

“Huu ubomoke, usogee ndani hatua moja,” alisema. “Paa haliwezi kurefuka, nyumba inaweza kufupika.”

“Mama, kwa nini usikate upande wako?”

“Upande wangu ndio uko na mlango.”

“Na kitanda changu?”

“Weye uko na magoti. Kunja.”

Nilibomoa ukuta nilioujenga mwenyewe. Kila tofali nilipolitoa, Hatungimana alilipokea na kulipanga upya hatua moja ndani, akiimba. Mtu huyu aliyekuwa amepoteza shamba zima aliimba, na mimi niliyepoteza hatua moja nilinuna. Nikaona aibu, nikaongeza kasi. Mama alikanyaga udongo wa kushikilia matofali. Kule Bonde, upande wa kaskazini, kulisikika milio mizito, na hatukujua kama ni radi au bunduki. Mama alisema yote mawili yanaleta maji, tuharakishe.

Mchana tulianza kupigilia. Msumari wa zamani, kizibo cha zamani, tundu jipya. Hatungimana, aliyezoea nyasi, aliyatazama mabati kwa wasiwasi kama mtu anayeombwa kupanda ng’ombe wa mtu mwingine, lakini alishika vizuri. Papa Sévère alipita barabarani akiwa na yule mfanyabiashara wake na mizigo yake. Alisimama.

“Mama Placide, naona umefupisha nyumba.”

“Ndiyo, Papa Sévère.”

“Itakuwa ndogo sana.”

“Itakuwa yangu.”

Alihesabu mabati kwa kidole, akitafuta kasoro. Nikamsaidia: “Ziwa limepanda, Papa.” Akaondoka.

Tulipigilia bati la mwisho wakati upepo wa mlimani umekwisha kuanza kuinua vumbi. Tukaingiza vyungu, godoro na makarai ya samaki, bado mlango haujafungwa vizuri, na mvua ikashuka. Haikunyesha, ilimwagwa. Juu ya manjanja ilipiga kelele kiasi kwamba tulipaswa kuongea kwa mikono. Matundu ya misumari ya zamani, yale yasiyo na kitu, yalianza kudondosha. Moja lilinipata shingoni, jingine likaniwinda kila nilipohama. Tuliziba kwa ulimbo wa mti na vitambaa.

Mama hakutazama juu. Alizunguka chumba hadi chumba akipitisha kiganja chake kwenye kuta, polepole, kutoka chini hadi pale mkono wake mfupi ulipofika. Sebule. Chumba chake. Chumba changu, ambapo ukuta mpya ulikuwa bado mbichi na ungeweza kuanguka kwa mvua yoyote iliyougusa. Aliuweka mkono pale muda mrefu. Akaugeuza, akatazama kiganja.

“Kavu,” alisema. Sikumsikia, nilisoma midomo yake.

Nilijitupa juu ya godoro, magoti yamekunjwa, nikanyoosha mikono. Nilikuwa ndio kwanza naanza kujiona mwenye nyumba.

“Placide.” Sasa aliinama sikioni mwangu.

“Mama, tupumzike kidogo.”

“Maji ya mulima inashuka nyuma ya nyumba, inakuja ku ukuta. Kamata jembe, tuchimbe mufereji.”

“Mu mvua hii?”

“Mvua hii ndiyo itatuonyesha inapita wapi.”

Alikuwa amekwisha kufunga kitenge kichwani na kutoka. Hatungimana alinitupia jembe la pili. Nikatoka nyuma yao.